Sahani Sita za Maua

Jumapili, 27 Julai

Nimeingia! Au karibu nimeingia. Baada ya misa ya pili Ézéchiel alinishika mkono nje ya kanisa, akaniita Gustave kwa jina. Akaniambia kwamba Jumamosi hii kundi lao linakwenda kuangalia ndege kwenye parke ndogo, ile hifadhi ya upande wa Vuhovi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mazingira, labda ningependa kufuatana nao. Labda! Nimekaa Butembo mwaka mzima na nusu nikiingoja hiyo labda.

Kundi lenyewe ni watu wanne. Ézéchiel ana duka la dawa, na ndiye mkubwa wao kwa sababu ana jumele, zile za kuvuta vitu vya mbali machoni, alizoletewa na shemeji yake wa Beni. Orpa ni mke wake. Elsa anafundisha shule ya msingi. Nzanzu anauza vipuri vya pikipiki na kucheka. Hawaendi mbali. Parke kubwa ya upande wa Beni hakuna anayeikanyaga siku hizi, kwa ajili ya watu wenye bunduki.

Nilimwambia Ézéchiel kwamba ndege ni fani yangu. Ukweli ni kwamba serikali ilinileta hapa kutoka Kisangani ili nipige muhuri karatasi za makala, yaani mkaa, na mbao. Kule kwetu nilijua ndege wawili, kuku na kasuku. Lakini nani atanipima?

Kubwa ni hili. Kundi lina desturi yake. Atakayewaonyesha wenzake ndege mzuri kuliko wote, Jumapili ya wiki inayofuata wote wanakwenda kula kwake. Kwa Ézéchiel wamekula mara nyingi mpaka Nzanzu ana kiti chake pale. Kwangu hajawahi kula mtu. Mwenye nyumba huja, lakini huishia mlangoni.

Mimi nina sahani sita zenye maua ya waridi pembeni. Nilizinunua wiki ile niliyofika, nikijua kwamba mtu akihamia mji wa watu atapata wageni. Bado ziko ndani ya karatasi yake. Mimi hula kwenye sufuria.

Jumanne, 29 Julai

Mpango upo! Ndege haji kwa kuitwa, huja kwa kula. Hili sikulisoma popote, nililitoa kichwani mwangu mwenyewe katikati ya mihuri. Basi niwalishe mahali pamoja siku kadhaa, kisha Jumamosi nilifikishe kundi pale pale, ionekane ni ujuzi.

Nikaaga birooni, ofisini kwangu, kwamba nakwenda kukagua makala. Pikipiki mpaka Vuhovi, vumbi mpaka kwenye meno. Pale parke inapoanzia kuna shamba la maharage, na mwenye shamba ni mama mmoja mzee, mjane, jina lake Kavugho. Alikuwa anapalilia. Nikampa mfuko wa bulo, ule ulezi mwekundu wa uji, nikamwomba amwage kidogo kila asubuhi chini ya mpera wake. Nilimweleza kwamba Jumamosi naleta rafiki zangu, watu wa maana wa mjini, na kwamba wanakuja kwa ajili ya ndege tu.

Aliuliza kama kweli wanapenda ndege kiasi hicho. Kupita kiasi, nikamjibu. Akauliza ni watu wangapi. Watano pamoja na mimi. Akaegemea jembe lake, akafikiri, halafu akauliza kama kati yao yupo asiyekula pilipili. Wazee huuliza mambo ya ajabu. Nikamwambia wote wanakula.

Alhamisi, 31 Julai

Ézéchiel amepita birooni, eti kunisalimia. Alikuja kunipima! Alisimama dirishani, akanyoosha kidole juu, akauliza ni ndege gani anayelia vile. Nikajibu kwamba inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema msimu. Akakirudisha kidole mfukoni. Nadhani nimemshinda.

Kisha sauti yake ikashuka, akanieleza habari ya ndege wake. Ni mkubwa, wa rangi ya samawati iliyoiva, na mabawa yake yana wekundu ambao hauonekani mpaka aruke. Amemtafuta kwenye parke ile miaka mitatu. Alimwona mara moja, mkia tu, unaingia kwenye majani. Nikamwambia kwamba huyo mimi humwona mara kwa mara. Macho yake yalivyonitazama! Hajawahi mtu wa mji huu kunitazama vile. Sasa inanilazimu nimpate.

Ila nikaona hatari. Mwenye jumele ndiye atakayemwona kwanza. Basi baada ya kazi nikapita kwenye barrière, kile kizuizi cha njia ya Vuhovi, kumsalimia Jonathan, mwanajeshi anayekaa pale. Ametokea upande wa kwetu, tunaongea Lingala, na katika mji huu wote ndiye peke yake anayeniita ndugu. Nilimtajia, katika maongezi tu, kwamba Jumamosi watapita raia wenye jumele, na kwamba mimi kama mtu wa serikali ningejiuliza jumele hizo zinaangalia nini. Sikusema zaidi. Alinishukuru sana.

Ijumaa, 1 Agosti

Sikukuu ya wazazi. Biro imefungwa. Asubuhi watu wote walipita mbele ya dirisha langu na majembe na maua, wakienda kufyeka makaburi ya wazee wao. Mchana wakapita tena, sasa wamevaa vizuri, na sufuria zimefungwa kwenye vitambaa, wakienda kwa wazazi walio hai. Wazazi wangu wamelala Kisangani. Sijui nani anawafyekea. Nilikaa kitandani, nikapanga sahani mezani, nikazirudisha kwenye karatasi.

Mchana nikaona afadhali nikakague bulo. Nikanunua sukari na sabuni kwa yule mama ili asilegee kazini.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba. Kiwanja kimefagiliwa, amejifunga kikwembe chake kizuri, macho njiani. Kwa jirani zake kulikuwa na kelele za wageni. Kwake kimya. Wanawe wawili wako Manguredjipa kwenye dhahabu, hawajarudi tangu mazishi ya baba yao. Niliposhuka kwenye pikipiki alisimama haraka kuliko nilivyodhani mzee anaweza. Alipokea sukari na sabuni kwa mikono miwili, akaenda nazo mpaka kwenye ua, akawaonyesha jirani, akisema maneno mengi ya Kinande, lugha yao. Jirani walipiga makofi. Sijui kwa nini. Ni sabuni ya kawaida.

Kisha akaniambia:

"Leo kila mutu hapa iko na mutoto yake. Mimi nilisema, basi, mwaka hii pia nitabakia peke yangu. Na wewe ukakuja."

Nikamuuliza kuhusu ndege. Wanakuja wengi, alisema, na yupo hata mmoja mkubwa mwenye wekundu ndani ya mabawa, anayekuja kwa ajili ya mapera. Nilimshika mkono bila kujua. Nikamwambia huyo ndiye, huyo ndiye wa mkubwa wao, asimwache apotee. Akaniahidi kwamba hatapotea.

Alinilazimisha kula viazi. Katika kula nikajikuta nimemweleza habari ya sahani sita, na Jumapili ya tarehe kumi ambayo nitakuwa na wageni, na nyumba yangu iko wapi, nyuma ya mashine ya kusaga. Sijui kwa nini nilimweleza. Mtu akiulizwa husema.

Jumamosi, 2 Agosti

Nina hasira, nina aibu, na tumbo limeshiba. Niandike kwa utaratibu.

Barrière. Jonathan akazishika jumele, akazigeuza, akaangalia kwa upande usiofaa, akasema zitabaki pale mpaka tutakaporudi. Ézéchiel alibisha kwa adabu. Mimi nilitikisa kichwa kwa masikitiko. Safi kabisa.

Tulitembea asubuhi yote ndani ya parke. Hatukuona kitu. Vitu viliruka, ndiyo, lakini mbali, na bila jumele vilikuwa vidoti. Kila walichoniuliza nilijibu. Huyo ni jike. Huyo ni wa kawaida. Huyo ni mgeni. Baada ya muda hawakuuliza tena. Waliongea Kinande wao kwa wao, wakacheka, nami nikacheka baada yao, kama ninavyofanya siku zote. Nzanzu alinigeukia akauliza ninacheka nini.

Saa sita nikawaambia wanifuate, nina hisia. Nikawapeleka kwenye mpera.

Hakuna ndege! Hata mmoja. Bulo imejaa chini, na kwenye matawi kuna vijiti vilivyopakwa utomvu wa kunata. Nilikuwa bado navitazama vile vijiti nilipomwona Kavugho anatoka jikoni na kikwembe kile kile cha jana, mikono imenyooshwa. Viti vya kuazima vimepangwa. Mikeka imetandikwa. Maji ya kunawa yapo tayari. Kundi likadhani ni mimi niliyewapangia pumziko. Orpa alisema sikuwa na haja ya kujisumbua hivyo. Nikasema si kitu.

Tulikula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na nyama ndogo ndogo ndani ya nyanya na pilipili. Ézéchiel, kwa kuwa ni mkubwa, aliwekewa mnofu mmoja mzima peke yake. Sijawahi kuona watu wanakula vile. Elsa alisogeza kiti chake karibu na changu ili kumpisha Orpa. Nzanzu aliniita mukubwa. Walianza kuongea Kiswahili, wote, bila kuombwa, ili nami nisikie. Nilisahau ndege kabisa. Kama ningeweza kuifunga ile saa moja kwenye karatasi pamoja na sahani zangu, ningeifunga.

Kisha Ézéchiel akafuta mikono na kuuliza ni kuku wa aina gani huyu, mtamu hivi.

Mama akacheka kwa furaha. Akaingia jikoni, akarudi na manyoya yaliyofungwa kwa uzi, akayaweka juu ya magoti ya Ézéchiel. Manyoya makubwa. Samawati iliyoiva. Na mekundu!

Hakuna aliyetafuna tena. Ézéchiel aliyaangalia muda mrefu, akayapangua moja moja. Miaka mitatu. Orpa alisema huyu ni wa parke, haruhusiwi kuguswa. Kavugho akatutazama mmoja mmoja, asielewe kosa liko wapi.

"Gustave aliniambia munapendaka ndege sana," alisema. "Mutu atoke Butembo na vumbi yote ile, nimuonyeshe ndege na macho tu, arudie na njaa? Hapana."

Ézéchiel akamuuliza polepole, kwa heshima, Gustave ni nani wake.

"Ni mutoto yangu. Njo alinikujia siku ya bazazi."

Macho yote kwangu. Mtu wa mazingira! Mwenye muhuri! Ungefanya nini? Nilisema sijawahi kumwona mama huyu. Nilisema labda ni Gustave mwingine, jina hili ni la watu wengi. Sabuni yangu ilikuwa pale kwenye dirisha, bado haijafunguliwa.

Alinitazama. Kisha akaanza kukusanya sahani, na mgongo umenielekea akasema:

"Pengine ni mwengine. Macho yangu imeisha kuzeeka."

Alinisaidia vizuri, mama yule. Lakini hakuna aliyeamini. Wao walimshukuru, wote wanne, kwa Kinande, wakamshika mikono, Elsa hata akamkumbatia. Mimi walinipita. Tukiwa njiani nikaona heri nitetee haki yangu. Nikawakumbusha desturi. Atakayewaonyesha ndege mzuri kuliko wote. Sasa nani alimwonyesha? Ézéchiel mwenyewe ameyashika manyoya yake kwa mkono, jambo ambalo jumele haziwezi kulifanya. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe kumi ni kwangu. Nzanzu alicheka mpaka akakaa chini kando ya njia. Nilidhani ni dalili nzuri.

Barrière tena. Jonathan anarudisha jumele huku anatabasamu. Ananishika bega mbele ya wote, ananiambia kwa Lingala kwamba amefanya kama nilivyosema, ndugu. Nilitumaini kwamba hawasikii Lingala. Wote wanasikia Lingala.

Jumapili, 3 Agosti

Misa. Benchi letu lilikuwa limejaa mapaja yao na mikoba yao. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na wachelewaji. Wakati wa kupeana amani nilimpa mkono mtoto aliyelala.

Jumatano, 6 Agosti

Sikukata tamaa. Nimewatumia ujumbe kila mmoja, mwaliko kamili, saa sita na nusu, nyuma ya mashine ya kusaga. Kwa kila mmoja nikaongeza kwamba wengine wameshakubali.

Majibu. Elsa ana safari ya Musienene, anasikitika. Nzanzu ametuma nyuso za kucheka, nyingi. Orpa ameandika kwamba ataniweka kwenye sala. Ézéchiel amesoma, hajajibu. Lakini hajakataa! Mtu anayetaka kukataa anakataa. Nahesabu kwamba atakuja, na akija yeye Orpa atakuja, na Nzanzu hawezi kukosa chakula, na Elsa akisikia wote wapo ataahirisha Musienene. Kwa hiyo wote wanakuja.

Nimeazima viti kwa mwenye nyumba. Aliuliza ni vya nini. Nikamwambia wageni. Aliniuliza mara mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Hakuja mtu.

Niliamka mapema. Wali, maharage, nyama ya ng'ombe safari hii, ili kusiwe na maswali. Sahani sita mezani, bila karatasi, maua yote yameelekezwa upande wa mlango. Saa sita na nusu ikapita. Nikavaa koti. Saa saba ikapita. Nikavua koti. Nilisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, nikasimama, ikaongeza mwendo. Nikakaa kwenye kiti kimoja, halafu kingine, nione kila mgeni angekuwa anaona nini. Wote wangeniona mimi. Nilisikia upweke mpaka masikioni, jinsi chumba kinavyolia kikiwa hakina mtu.

Mlango ukagongwa. Niliruka!

Ni Kavugho. Kwa miguu kutoka Vuhovi, na kikapu mgongoni, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema mwanamume mwenye wageni na asiye na mke, nani atamkorogea mchuzi? Alikuwa ameleta parachichi na jogoo hai. Akamwinua jogoo nimwone vizuri, akaniapia kwamba huyu ni wa nyumbani kabisa, hajawahi kukanyaga parke. Kisha akaona viti. Akaona sahani. Hakuuliza wengine wako wapi. Alinawa, akaketi, akachukua sahani moja, na nilipotaka kula kwenye sufuria akaniwekea ya pili mbele yangu.

Kuhusu Jumamosi alisema neno moja tu, bila kunitazama:

"Ile siku uliogopa. Batu ya serikali banaogopaka. Kula."

Tulikula. Alikuwa akila polepole, akisogeza wali kando ili maua yaonekane, akiyagusa kwa kidole. Aliniambia habari za wanawe, yupi alikuwa mtundu, yupi hawezi kulala bila taa. Alinisimulia kisa cha mbuzi aliyeingia kanisani Vuhovi siku ya kipaimara, kwanza kwa Kinande, kisha akakirudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Nikacheka pale pale panapochekwa, wakati mmoja na yeye. Alinifundisha kusema asante kwa Kinande. Wasingya. Alinirekebisha mpaka nikaipata. Nilimwonyesha picha ya mama yangu kwenye simu, akaishika mbali na macho, kisha karibu, akasema kwamba pua tumelingana.

Aliondoka mapema kwa sababu ya njia. Mlangoni aliuliza kama Jumapili ijayo anaweza kurudi, ataleta maharage mapya. Nilimweleza kwa upole kwamba Jumapili ijayo haitawezekana, nangoja wageni. Alisema haina neno, wageni ni wa kwanza, yeye atapita siku nyingine. Nilimtazama akishuka mpaka kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa hatembei haraka.

Basi, hakuja mtu. Siku nzima! Lakini nimegundua kosa liko wapi. Kosa lilikuwa ndege. Elsa anaimba kwenye kwaya, na Nzanzu anapiga ngoma pale, na kesho jioni wana mazoezi. Nitawaambia kwamba Kisangani nilikuwa sauti ya tatu, tena ya kuongoza. Nani atanipima? Na kwaya wana desturi ya kula pamoja baada ya mazoezi, kila mara kwa mtu mmoja.

Viti nimerudisha. Jogoo yuko chini ya kitanda, ananitazama. Sahani mbili zilizotumika nimeziosha kwa sabuni, nikazikausha, nikaziangalia kwenye mwanga zisibaki na alama ya kidole, nikazirudisha zote sita kwenye karatasi yake. Watu wakija wazikute mpya.